Spesa za magurudumu ya nyuma kwenye Land Cruiser 79: usalama, mzigo na karatasi

Swali: Mkulima wa Njia ya Kasenga

Jambo kwenu nyote, wazee na ndugu. Ninaomba ushauri wenu kabla sijatoa pesa.

Nina Land Cruiser 79 ya pikapu, injini ya V8 ya mazutu, niliyoinunua baada ya kutumika katika kampuni. Kazi yake ni ya shamba: inapeleka mbolea na mbegu kutoka Lubumbashi kuelekea Kasenga na inarudi na mahindi. Wakati wa kiangazi sina malalamiko. Mvua zinapoanza, malori huchimba mifereji miwili mirefu katika udongo mwekundu, na hapo ndipo taabu inapoanzia. Magurudumu ya mbele yanaingia vizuri ndani ya mifereji, lakini ya nyuma hayafuati njia hiyo hiyo. Yanapanda ukingo wa ndani, na gari likiwa na mzigo mkia unateleza upande mmoja kisha mwingine. Nimepima kwa mita, kutoka katikati ya tairi moja hadi katikati ya mwenzake, nikakuta kwamba nyuma ni pembamba kuliko mbele kwa karibu sentimita tisa na nusu.

Muuzaji mmoja wa vipuri ananionyesha spesa za alumini, yaani vipande vya duara vinavyofungwa nyuma ya rimu ili gurudumu likae nje zaidi. Anazo za aina mbili, za unene wa milimita 25 na za milimita 50, zote bila jina wala alama ya mtengenezaji. Jirani yangu naye anasema niende kwa mkereza vyuma anitengenezee za bei ndogo. Je, spesa ni salama kwa gari linalobeba mzigo kila juma? Ni unene gani unaofaa? Na nikisimamishwa na roulage (polisi wa barabarani), au nikienda kwenye contrôle technique (ukaguzi wa gari), au Mungu aepushe nikipata ajali, hizo spesa zitaniletea matatizo gani? Gari lina rimu za chuma za inchi 16, zile zile lilizotoka nazo kiwandani.

Jibu: Fundi wa Kampemba

Papa Mkulima, kipimo chako ni sahihi, na ekseli yako haikupinda. Toyota ilipoweka injini ya V8 ya dizeli katika gari hili mwaka 2007, ilipanua sehemu ya mbele ili injini ipate nafasi, lakini ekseli ya nyuma haikupanuliwa. Ndiyo maana nyuma imepungua kwa milimita 95. Malalamiko yako yanasikika popote gari hili linapofanya kazi kwenye mchanga au tope, kuanzia Australia hadi huku kwetu.

Ukigawanya 95 kwa mbili unapata milimita 47.5 kwa kila upande. Kwa hesabu hiyo spesa za 50 zinaondoa tofauti yote, na zile za 25 zinaipunguza hadi 45 tu, ambayo ni sawa na kulipa pesa kwa nusu ya dawa. Hata hivyo hesabu ya upana ndiyo sehemu rahisi ya jambo hili. Sehemu ngumu ni namna gurudumu linavyoshikwa.

Watu wengi hudhani kwamba bolti ndizo zinazolibeba gari. Kwa kweli, nati zikikazwa ipasavyo, bolti huvutika kidogo sana na kuibana rimu dhidi ya habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake, na msuguano kati ya nyuso hizo mbili ndio unaobeba uzito, breki na mwendo wote. Mkazo ukipungua, rimu huanza kucheza, na hapo ndipo bolti zinapopokea mapigo ambayo hazikuundwa kuyapokea; zinachoka, kisha zinakatika moja baada ya nyingine. Gari lisilo na spesa lina kiungo kimoja cha aina hiyo kwa kila gurudumu. Ukiweka spesa unakuwa na viungo viwili: spesa kwenye habu, na rimu kwenye spesa. Kile cha kwanza kimefichwa nyuma ya rimu, na hakuna anayekiona mpaka gurudumu livuliwe.

Sasa nakuja kwenye gari lako lenyewe. Habu yako ina bolti tano za milimita 14 zenye hatua ya nyuzi ya milimita 1.5, zilizopangwa kwenye duara la milimita 150, na tundu la katikati ni milimita 110. Spesa nzuri ina tundu la 110 linalokaa barabara juu ya ukingo wa habu, na kwa nje ina ukingo wake wa 110 wa kuipokea rimu. Spesa yenye tundu kubwa kuliko hapo hutegemea nati peke yake ili ikae katikati, na ikikosea hata kidogo utasikia mtetemo ukifika kwenye lami. Jambo lingine linahusu zile za 25. Bolti za asili za habu zitapita ndani ya spesa, na kama ni ndefu kuliko unene wake zitachomoza na kuisukuma rimu isikae sawasawa. Rimu nyingi za alumini zina vishimo kwa nyuma vinavyoweza kupokea ncha hizo. Rimu yako ya chuma haina. Pima urefu wa bolti kutoka uso wa habu kabla ya kumsikiliza muuzaji. Kukata ncha za bolti, kama wanavyofanya wengine, ni kukubali kwamba siku ukiondoa spesa lazima ununue bolti mpya.

Halafu kuna mkazo wenyewe. Kitabu cha Toyota kwa Land Cruiser za namna hii kinataja newton-mita 209 kwa rimu za chuma na 131 kwa rimu za alumini. Hizo ni namba za rimu. Nati za ndani, zinazoshika spesa kwenye habu, hufuata namba ya mtengenezaji wa spesa, kwa sababu ni nati nyingine na zinabana alumini. Spesa isiyo na jina haina namba hiyo. Hapo pekee mimi ningekuwa nimekwisha kumrudishia muuzaji bidhaa yake.

Jibu: Dereva wa Zamani

Ninaheshimu maneno ya Papa Fundi, lakini tusimtishe mtu bila sababu. Nina Prado yenye spesa za milimita 30 pande zote nne, nimekwenda nayo Likasi, Kolwezi na hata Kundelungu, na sijapoteza gurudumu. Fundi aliyeziweka alizikaza kwa bunduki ya upepo kwa nguvu zote, na mpaka leo sijazigusa. Mimi naona tatizo ni spesa za hovyo, si spesa zote.

Jibu: Fundi wa Kampemba

Yaya Dereva, katika hilo la mwisho tunakubaliana. Kuna spesa zilizotengenezwa vizuri, na ziko kwenye magari mengi yanayotembea salama. Ila Prado yako hubeba familia na mizigo ya safari. Pikapu ya Papa Mkulima inabeba magunia, na karibu uzito wote wa magunia huangukia ekseli ya nyuma. Habu ya nyuma ya 79 ina beringi mbili, moja ndani na moja nje, na gurudumu la kiwandani limepangwa ili uzito upite kati yake. Ukilisogeza nje kwa sentimita tano, beringi ya nje inabeba zaidi ya fungu lake, na nyumba ya ekseli nayo inapindwa kwa mkono mrefu zaidi. Gari haliharibiki siku hiyo. Linaharibika miezi baadaye, na mwenye gari anasema beringi za siku hizi ni mbaya.

Kuhusu bunduki ya upepo, nakuomba kwa upole uvue magurudumu hayo juma hili. Bunduki haikuambii imekaza kiasi gani. Yaweza kuwa pungufu, na mara nyingi inazidi, na bolti iliyovutwa kupita mpaka wake hairudi. Hata kwa quado, fundi wa tairi wa kando ya barabara, mwambie asogeze nati kwa mkono, kisha umalizie mwenyewe kwa spana ya kupimia mkazo. Na spesa yoyote mpya hukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100, nati za ndani zikiwemo, yaani unavua gurudumu. Hicho ndicho kitendo kinachorukwa kuliko vyote, kwa sababu hakuna anayetaka kupandisha jeki gari linalotembea vizuri.

Mwaka uliopita nililetewa gari lililopoteza gurudumu la nyuma kwenye njia ya Kipushi, kwa bahati likiwa kwenye mwendo mdogo. Nati za nje zilikuwa zimekaza kabisa. Rimu na spesa viliondoka pamoja vikiwa vimeshikana. Matundu ya spesa upande wa habu, yaliyokuwa ya duara, yalikuwa yamekuwa marefu kama kope za jicho, na uso wa habu ulikuwa na unga wa kijivu uliochanganyika na udongo mwekundu. Ule udongo ulikuwa chini ya spesa tangu siku ya kwanza. Aliyeifunga hakupiga brashi ya waya.

Jibu: Mkereza wa Katuba

Nimesoma kwamba jirani anamtuma Papa Mkulima kwetu sisi wakereza, na ninapenda kujibu kwa upande wa mashine. Kukereza kipande cha duara chenye tundu la 110 si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kujua kile kilichoko kwenye mashine ni chuma gani.

Watengenezaji wanaojulikana hutumia alumini ya daraja la 6061-T6, au 7075-T6 iliyo ngumu zaidi, iliyosukumwa au kufuliwa na kupikwa kwa joto kwa utaratibu maalumu. Hizo herufi na namba za mwisho, T6, ndizo zinazobeba nguvu yake. Alumini ile ile bila kupikwa namna hiyo ni laini kwa mbali. Mjini kwetu alumini inayopatikana kwa wingi ni ya kuyeyusha vyuma chakavu, vichwa vya injini, vifuniko vya gia na masufuria yaliyopasuka, vikamiminwa katika mchanga. Inafaa kwa sufuria. Ndani yake mna vitundu vya hewa ambavyo mimi mwenyewe huviona nikiipitisha kisu, na kipande kinaweza kung'aa kwa nje na kuwa na tundu la ukubwa wa punje ya mtama mahali pale bolti inapopita. Mteja akiniletea fimbo ya alumini na kuniambia ni ya ndege, sina kifaa cha kumthibitishia.

Kupanga matundu nako kunahitaji mashine yenye kigawanyo. Kwa duara la 150 lenye matundu matano, umbali kutoka kituo cha tundu moja hadi la jirani yake ni milimita 88.2, na lazima yote matano yalingane. Hata ukinunua dukani, chukua kipimo na uhakikishe. Nimeona spesa mpya ambazo tundu moja lilitofautiana na wenzake kiasi cha kuonekana kwa macho. Kisha bolti za nje zina meno yanayopaswa kuingia kwa kubanwa na mashine ya kushindilia. Mtu akizipiga nyundo zikaingia kwa urahisi, zitazunguka siku ya kufungua nati.

Kwa hiyo wateja wa spesa huwa nawaambia hapana. Nakereza bushi, nakereza pini za springi, natengeneza hata puli za vinu vya mahindi. Kitu ambacho kikivunjika gurudumu linakimbilia watu, sitengenezi kwa chuma nisichokijua.

Jibu: Mama wa Usafirishaji, Likasi

Ninajibu lile la karatasi, kwa kuwa ndilo ninaloshughulika nalo kila siku. Tuna magari yanayofanya kazi na kampuni za migodi.

Papa Mkulima, sheria yetu ya barabara ni ile Sheria namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Usiingoje ikutajie spesa kwa jina. Barabarani utaombwa leseni, carte rose (kadi ya usajili wa gari), bima na karatasi ya contrôle technique, na hiyo ya mwisho ndiyo inayosema kwamba gari liko katika hali ya kutembea. Njia ya busara ni kwenda kwenye contrôle technique na spesa zikiwa zimefungwa, uzionyeshe mwenyewe, ukiwa na hati ya mtengenezaji mkononi. Mkaguzi akikataa, afadhali akatae akiwa kwenye uwanja wake kuliko polisi akutajie kosa usiku njiani. Wapo wanaozivua siku ya ukaguzi na kuzirudisha jioni. Karatasi waliyo nayo inahusu gari jingine, si lile wanaloliendesha.

Bima ni jambo zito zaidi. Tangu Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015, soko la bima limefunguliwa na tunaweza kuchagua kampuni, lakini bima ya gari kwa madhara ya watu wengine ni lazima kama zamani. Soma mkataba wako mahali panapoeleza mabadiliko ya gari, kisha waandikie barua kwamba umepanua nyuma, ukitaja kifaa na unene wake, na ubaki na nakala yenye muhuri wao wa mapokezi. Gurudumu likitoka na kumpiga mtu, mtaalamu wa bima ataanza na kile kisichotoka kiwandani.

Usidanganyike na cheti cha nje. Spesa nyingine huuzwa na karatasi ya TÜV, wakaguzi wa magari wa Ujerumani. Ni kweli kwamba huko spesa hukubaliwa, lakini cheti hutaja gari lipi, rimu ipi na unene upi, na kifaa kisipopitishwa kwa utaratibu wao gari hupoteza ruhusa ya kutembea. Karatasi iliyoandikwa kwa gari dogo la Ulaya haisemi lolote juu ya 79 yako. Na Australia, ambako gari hili ni la kila mkulima, kanuni yao ya kitaifa ya mabadiliko ya magari, VSB 14, inakataza spesa kati ya rimu na habu isipokuwa zilizowekwa na kiwanda. Kwa hiyo wenye 79 huko hupanua ekseli yenyewe au hubadilisha rimu, na mhandisi hutia sahihi.

Neno moja kwa wenye mikataba ya migodi: kwenye malango mengi gari lenye spesa halipiti. Mkaguzi wao huinama, huangalia nyuma ya rimu, na akiona alumini anaandika hapana.

Mkulima wa Njia ya Kasenga

Ninawashukuru wote, Mama wa Usafirishaji zaidi, kwa kuwa mimi nilidhani jambo la karatasi ni la kumalizana barabarani. Nilirudi kwa muuzaji nikamwomba hati ya mtengenezaji. Akanipa tabasamu na punguzo la bei. Nimeachana naye.

Swali langu la pili ni hili. Mama ametaja kubadilisha rimu. Nikipata rimu za chuma za nyuma ambazo uso wa kufungia umesogezwa ndani, ili gurudumu likae nje zaidi bila spesa, je, nitakuwa nimekwepa tatizo au nimelibadilishia nguo tu?

Jibu: Fundi wa Kampemba

Umekwepa nusu yake. Kwa beringi na ekseli hakuna tofauti yoyote: zinahisi mahali katikati ya tairi ilipo, haziulizi kama imefika hapo kwa spesa au kwa rimu. Kwa hiyo shauri langu la mzigo linabaki vile vile. Punguza magunia, fungua habu za nyuma uone hali ya beringi na grisi kabla ya mvua, na uzikague mapema kuliko ulivyozoea. Ulichokwepa ni kile kiungo cha pili kilichofichwa. Nati ni zile zile tano, zinaonekana, na namba ya mkazo ya rimu za chuma unayo. Kwa gari la kazi mimi ningechagua hivyo kila mara.

Kuna gharama mbili ambazo wauzaji hawazitaji. Ya kwanza ni tairi la akiba: rimu za mbele na za nyuma hazitalingana, basi ama unabeba akiba mbili, ama unakubali kwamba ukipata pancha utatembea polepole hadi kwa quado huku upande mmoja ukiwa umeingia ndani. Kwenye hilo spesa zina faida, nalisema kwa haki. Ya pili ni madigadi. Tairi likichomoza nje ya bodi litarusha mawe na tope kwa wanaokufuata na kwa watembea kwa miguu, na mkaguzi ataliona kabla hajainama. Ongeza mpira wa madigadi unaofunika upana wote wa tairi.

Kagua pia kwamba rimu imeandikwa uzito inaoweza kubeba, na kwamba ni rimu iliyotoka hivyo kiwandani. Rimu zilizokatwa katikati na kuchomelewa upya kwenye karakana zipo sokoni, na mshono wake hufichwa kwa rangi nyeusi. Pitisha vidole kwa ndani utausikia. Hiyo usiinunue hata kwa zawadi. Na usisogeze magurudumu ya mbele kamwe. Ya mbele yako sawa, na ukiyatoa nje usukani utakuwa mzito na kila shimo litakurudishia pigo mkononi.

Mkulima wa Njia ya Kasenga

Nimeelewa, Papa. La mwisho: fundi wa mtaani kwetu hupaka grisi kwenye bolti ili nati zisishike kutu. Nimwache?

Jibu: Fundi wa Kampemba

Mkataze. Namba ya 209 imehesabiwa kwa nyuzi safi na kavu. Ukipaka grisi, spana itasoma 209 lakini bolti itakuwa imevutwa kupita hapo. Safisha nyuzi kwa brashi ya waya, futa uso wa habu na wa rimu hadi uone chuma, kaza kwa mpangilio wa nyota, nusu kwanza kisha kamili. Kisha chora mstari wa rangi nyeupe unaopita juu ya nati hadi kwenye rimu, nati zote tano. Asubuhi ukizunguka gari kabla ya kupakia, mstari uliokatika utauona bila kushika spana.